Doria kwenye Wikipedia ya Kiswahili: mwongozo kamili wa kukagua michango ya wahariri

Asubuhi moja nilikuta mtu amegusa makala ya kata moja ya Tanzania. Hakuweka tusi wala hakufuta aya. Alibadilisha mwaka wa sensa kutoka 2012 kuwa 2022, na idadi ya wakazi akaiandika upya, tarakimu tano kwa tarakimu tano. Chini ya ukurasa tanbihi ilibaki ileile, ya ripoti ya 2012. Ukipita haraka huoni kitu: sentensi imenyooka, mwaka ni wa karibuni, chanzo kipo. Na kwa kuwa alibadilisha tarakimu kwa tarakimu, orodha ya mabadiliko ilionyesha sifuri, kana kwamba hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa.

Doria ni kazi ya namna hiyo. Wengi wanaotaka kusaidia kuilinda Wikipedia yetu hudhani wanakuja kufukuza watukanaji. Watukanaji wapo, ila hawatusumbui sana, maana tusi hujitangaza lenyewe. Kinachotuumiza ni mchango mbaya unaofanana na mzuri, ule ambao hauonekani mpaka mtu ausome hadi mwisho na kuuliza: hii imetoka wapi?

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza. Ina maelfu kwa maelfu ya makala, lakini wanaoikagua kila siku ni wachache mno. Kwenye Kiingereza kuna roboti, yaani programu inayohariri yenyewe, inayofuta uharibifu wa wazi ndani ya sekunde chache. Kwetu kosa linaweza kulala wiki, mwezi, hata miaka. Wapo wahariri wa nje wanaojitolea kuzipitia Wikipedia ndogo za lugha zote, na wanatusaidia kuondoa takataka za wazi. Lakini hawajui Kiswahili. Hawawezi kujua kwamba aya inasomeka vibaya, kwamba methali imegeuzwa, au kwamba mtu ametukanwa kwa mafumbo. Hilo ni letu.

Kabla hujaanza

Huhitaji cheo. Mkabidhi, yaani mhariri aliyechaguliwa na jumuiya, ana vitufe vya kufuta kurasa, kuzilinda na kuwazuia watumiaji. Wewe hunavyo, na kwa sehemu kubwa ya doria huvihitaji. Kutengua badiliko baya, kulirekebisha, kuweka kigezo (bango la tayari linalobandikwa kwenye ukurasa) cha kuomba makala ifutwe na kuzungumza na aliyeandika ni haki ya kila mwenye akaunti.

Fungua akaunti, kisha uingie kwenye mapendekezo na uweke saa za Afrika Mashariki. Usipofanya hivyo, kwa kawaida utaonyeshwa saa za UTC, yaani saa sanifu za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Utaona badiliko la 06:10 na kudhani mtu alikesha, kumbe alihariri saa tatu na dakika kumi asubuhi, akiwa darasani au kazini. Ni jambo dogo, lakini linakusaidia kuwaelewa watu. Mabadiliko mengi ya kitoto hutoka saa za masomo, na hiyo peke yake hukuambia unazungumza na nani.

Halafu chagua makala kama hamsini za kufuatilia. Bonyeza nyota juu ya ukurasa na makala itaingia kwenye maangalizi yako, nawe utaona kila inapoguswa. Chagua unazozijua kwa moyo. Mzaliwa wa Pangani aifuatilie Pangani, muuguzi afuatilie malaria na kifaduro, mwalimu wa fasihi ashike tenzi. Usichague kwa ukubwa wa mada. Makala ya Afrika ina watazamaji, ile ya mto wa kwenu haina hata mmoja.

Kusoma orodha

Fungua ukurasa wa Mabadiliko ya karibuni. Kila mstari una jina la makala, viungo vya tofauti na historia, saa, namba ya baiti (kipimo cha ukubwa wa maandishi, karibu sawa na idadi ya herufi) zilizoongezeka au kupungua, jina la mhariri, na muhtasari wake kama aliuandika. Usianze kubonyeza ovyo. Pitisha macho kwanza.

Namba kubwa nyekundu ina maana kwamba maandishi mengi yameondolewa. Huenda ni uharibifu, huenda ni mtu amefuta aya iliyonakiliwa. Namba kubwa ya kijani kwenye ukurasa mpya, elfu kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja kutoka kwa mtu aliyejiunga leo, mara nyingi ni maandishi yaliyobandikwa kutoka mahali fulani. Lakini mimi siku hizi naanza na zile ndogo: sifuri, +1, -2. Humo ndimo tarehe za kuzaliwa zinageuzwa, idadi za watu zinabadilishwa, na "hakuwa" inakuwa "alikuwa".

Kuhusu majina: mtu anayehariri bila kujiandikisha haonyeshwi tena kwa namba ya IP, yaani namba ya mtandao anaotumia. Anapewa akaunti ya muda yenye jina linaloanza na alama ya ~ na mwaka, kisha tarakimu. Akaunti hiyo hudumu siku 90, au hukoma mapema akifuta vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo zinazohifadhiwa na kivinjari chake. Kwa hiyo akaunti tatu za muda kwenye makala moja zinaweza kuwa mtu mmoja mwenye simu moja. Zinaweza pia kuwa watu watatu. Usimhukumu mtu kwa jina lake, na usimdharau kwa sababu jina ni jekundu. Wekundu huo unaonyesha tu kwamba hajaandika ukurasa wake wa mtumiaji.

Historia kwanza, kutengua baadaye

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi, nami nilikosea hivyohivyo kwa miezi. Unaona badiliko baya, unabonyeza tengua, unahifadhi, unaendelea na mengine ukiwa umeridhika. Kumbe yule mtu alihariri mara tatu mfululizo. Umeondoa la mwisho tu, na mawili ya mwanzo yamebaki. Tena sasa yamekaa chini ya jina lako, mhariri anayeaminika, na anayekuja baada yako ataona jina lako na kupita akijua mambo yako sawa.

Kwa hiyo fungua historia ya ukurasa. Shuka mpaka umwone mhariri wa mwisho kabla ya huyo unayemtilia shaka. Chagua toleo lake na toleo la sasa, kisha ulinganishe. Sasa unaona kila kilichobadilika kati ya hayo mawili kwa pamoja. Kama vyote ni vibaya, fungua lile toleo la zamani, bonyeza hariri, andika muhtasari na uhifadhi. Ukurasa mzima utarudi ulivyokuwa. Kama katikati kuna kitu kizuri, labda tahajia iliyosahihishwa au jamii (kundi ambamo makala hupangwa) iliyoongezwa, kirudishe kwa mkono.

Kisha bonyeza Michango ya mtumiaji huyo. Aliyeharibu makala moja mara nyingi amepita kwenye nyingine mbili tatu. Na mara nyingine utagundua kinyume chake, kwamba ana michango ishirini mizuri na hili moja lilikuwa kidole kuteleza. Hapo unashukuru kwamba hukumfokea.

Kupima mchango

Matusi, herufi za kubonyeza ovyo, "Juma anampenda Asha": tengua na uendelee. Usiandike muhtasari wa hasira. Anayetafuta kelele akikosa kelele huondoka.

Takwimu na tarehe zina kanuni moja: namba ikibadilika, chanzo nacho kibadilike. Mtu akibadilisha namba na kuacha tanbihi ya zamani, fungua chanzo hicho. Kama namba ya zamani ndiyo iliyomo, irudishe na umwulize. Kwa kata za Tanzania, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitoa ripoti ya sensa ya 2022 yenye idadi ya watu kata kwa kata, na ukiwa nayo kwenye kompyuta yako unamaliza suala hilo kwa dakika mbili.

Habari za watu walio hai zinahitaji uzito wa pekee. Mwezi Mei 2005 mtu asiyejiandikisha aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani, aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John F. Kennedy na mdogo wake Robert. Ulikuwa uongo mtupu. Seigenthaler alifanya kazi na Robert Kennedy na alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Uongo huo ulikaa takriban miezi minne. Baada ya sakata hilo, Desemba 2005, Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasiojiandikisha kuanzisha makala mpya. Kama yalitokea kule kwenye wahariri wengi, fikiria kwetu. Kwa hiyo tuhuma yoyote kuhusu mtu aliye hai isiyo na chanzo cha kuaminika iondolewe mara moja, hata kama wewe mwenyewe umeisikia na unaiamini. Uzushi wa vifo nao uko humohumo. Mitandao ikivuma kwamba mwanamuziki au mwanasiasa fulani amefariki, utaona "ni" inageuzwa "alikuwa" ndani ya dakika chache. Rudisha "ni", subiri tamko la familia, serikali au chombo cha habari chenye mhariri. Kamusi elezo haipotezi kitu kwa kuchelewa saa sita. Familia inayosoma kifo cha mtu wao akiwa hai inaumia kweli.

Kisha kuna sifa na matangazo. Utakutana na msanii chipukizi aliyeandika maisha yake mwenyewe, akamalizia kwa namba ya simu ya kualikwa kwenye shoo. Namwelewa kabisa kijana huyu. Anataka kuonekana, na hakuna aliyemwambia kwamba Wikipedia huandika juu ya watu ambao wengine wameshawaandika. Ondoa namba ya simu kwanza, kwa usalama wake. Kisha tafuta kama magazeti au redio zimemzungumzia kwa kina. Zikiwepo, andika upya kwa lugha ya kawaida. Zisipokuwepo, omba ukurasa ufutwe na umweleze sababu kwa upole. Hivyohivyo kwa makampuni, makanisa, taasisi na wagombea. Wakati wa uchaguzi maneno kama "mchapakazi" na "mpenda maendeleo" huota kwenye kurasa za wagombea. Yaondoe, acha vyeo na miaka.

Nakala ni tatizo la kisheria. Maandishi ya Wikipedia hutolewa kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu yeyote kuyatumia tena akitaja chanzo, na huwezi kugawa kwa leseni hiyo kitu ambacho si chako. Aya ikikupa shaka kwa ulaini wake, nakili maneno nane au kumi mfululizo, yaweke kwenye alama za kunukuu na uyatafute. Ukiyakuta gazetini au kwenye tovuti ya halmashauri, angalia tarehe kwanza, maana tovuti nyingi hunakili kutoka kwetu. Kama kweli sisi ndio tulionakili, kuondoa maandishi hakutoshi, kwa sababu historia bado inayahifadhi. Mwarifu mkabidhi afiche matoleo hayo. Kutafsiri kutoka Wikipedia ya lugha nyingine, kwa upande mwingine, kunaruhusiwa. Mtafsiri anatakiwa tu aandike kwenye muhtasari ametafsiri kutoka makala ipi, na aweke kiungo chake.

Tafsiri za mashine

Sehemu hii naiandika kwa uchungu, kwa sababu hapa lugha yenyewe ndiyo inayoharibiwa.

Zamani ilikuwa rahisi kuzitambua. Mji ulikuwa "kwenye benki ya mto", kwa sababu Kiingereza hutumia neno moja kwa benki na kwa ukingo. Mtu alizaliwa "tarehe 4 Inaweza", kwa sababu jina la mwezi Mei ni pia kitenzi. Mchezaji "alicheza kama mbele" badala ya kuwa mshambuliaji. Na ngeli zilipigana: "mji huo iko", "vitabu yake", "mto kubwa". Yeyote aliyelelewa na Kiswahili angesikia hivyo na kushtuka.

Siku hizi mashine zimejifunza ngeli. Sentensi ina upatanisho, inasomeka, na haisemi kitu. Tafuta dalili nyingine. Kila mji una "urithi tajiri wa kitamaduni". Kila mtu "alicheza jukumu muhimu". Kila aya inaisha kwa sentensi inayorudia mwanzo wake. Majina ya mahali yana tahajia mbili ndani ya ukurasa mmoja. Samaki na miti ya pwani yetu imepewa majina ya kubuni wakati majina yake yapo, wavuvi wa Kilwa wanayasema kila siku. Na la hatari kuliko yote ni vyanzo. Programu za akili bandia hubuni vitabu, hubuni kurasa, huweka viungo vinavyofunguka kwenye kitu kingine kabisa. Kwa hiyo bonyeza kila kiungo. Kitabu kikitajwa, kitafute kwenye orodha ya maktaba. Tanbihi mbili zikiwa hazipo kabisa, usihangaike na ya tatu. Ukurasa wote hauaminiki. Agosti 2025 Wikipedia ya Kiingereza iliweka kanuni ya kufuta haraka kurasa zenye dalili za namna hii, kama vile vyanzo visivyokuwepo, ambazo mwandishi wake hakuzisoma.

Ukitaka kujua hili linafika wapi, angalia Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo karibu na Kiingereza. Agosti 2020 iligundulika kwamba kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo alikuwa ameandika makala zaidi ya 20,000 za Wikipedia ya Kiskoti. Alikuwa akichukua Kiingereza na kubadilisha neno moja moja kwa msaada wa kamusi. Alianza akiwa mtoto wa miaka 12, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Hapakuwa na mzungumzaji wa kutosha aliyekaa chini na kumsoma. Na mwaka 2025 kamati ya lugha ya Wikimedia, jumuiya pana iliyo nyuma ya Wikipedia za lugha zote, ilikubali kuifunga Wikipedia ya Kigreenlandi, kwa ombi la mkabidhi wake mwenyewe, baada ya tafsiri za mashine kuzidi maandishi ya watu. Sisi tuna wazungumzaji wengi mno kuliko hao. Lakini wazungumzaji wasiosoma orodha ya mabadiliko hawalindi kitu. Mashine za kesho zinafundishwa pia kwa maandishi yetu, na "benki ya mto" ikiachwa humo itarudi kwetu ikiwa imevaa suti.

Ufanye nini na makala kama hiyo? Kama ni fupi, iandike upya, itakuchukua robo saa. Kama ni ndefu, chukua sentensi mbili tatu za mwanzo unazoweza kuzithibitisha, zisahihishe, kata zilizobaki, na uweke kigezo cha mbegu, yaani makala fupi inayosubiri kukuzwa. Wenzangu wengine hupendelea kuacha ukurasa mzima na kubandika juu yake kigezo cha onyo. Mimi sikubaliani nao. Kigezo cha onyo hukaa miaka mitano bila mtu kukigusa, na wakati wote huo msomaji anasoma takataka. Mbegu safi ya mistari mitatu ni bora kuliko kurasa tano zisizo na maana.

Tahadhari moja hapa. Usidhani kila Kiswahili tofauti na chako ni cha mashine. Mkenya ataandika tarakilishi, runinga na shule ya upili. Mtanzania ataandika kompyuta, televisheni na shule ya sekondari. Mhariri wa Lubumbashi au Bukavu atakuja na maneno yaliyopita Kifaransa. Vyote ni vya kwetu. Kanuni nzuri ni kuacha makala katika mtindo wa aliyeianzisha, na makala inayohusu Kenya kuiacha na maneno ya Kenya. Nimewahi kuona vita ya siku nne juu ya neno moja la aina hiyo, na pande zote mbili ziliondoka. Tulipoteza wahariri wawili kwa neno moja.

Kumwandikia mhariri

Ukitengua, andika muhtasari unaosema sababu, kwa maneno ambayo mgeni ataelewa: "Namba haipo kwenye chanzo", "Imenakiliwa, tazama ukurasa wa majadiliano", "Nimerudisha, hajafariki kwa mujibu wa taarifa za leo". Usiandike "upuuzi". Muhtasari haufutiki kirahisi, na mtu huyo anaweza kuwa mwenzako baada ya mwaka.

Kisha nenda kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Hatua hii wengi huiruka kwa kuwa inachukua muda. Mimi naiona ndiyo doria yenyewe. Jumuiya ndogo haiwezi kumudu kupoteza watu, na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hujui kama upande wa pili yuko mwanafunzi wa kidato cha pili au profesa mstaafu, mwanamke au mwanamume, kwa hiyo "ndugu" inatosha na inamheshimu kila mmoja. Mtu wa kata ile nilimwandikia hivi:

"Karibu ndugu, na asante kwa kutukumbusha sensa ya 2022. Nimeona tanbihi bado inaelekeza kwenye ripoti ya 2012, kwa hiyo nimerudisha namba ya zamani kwa muda. Hii mpya umeitoa wapi? Ukinipa jina la ripoti au kiungo tutaiweka pamoja."

Alijibu baada ya wiki tatu. Namba alikuwa ameitoa kwenye karatasi iliyobandikwa ofisi ya kata, akaiandika kwa simu akiwa amesimama, na tarakimu mbili zikapishana nafasi. Ripoti ya Takwimu ilipofunguliwa ilionekana alikuwa karibu kabisa na ukweli. Nikamwonyesha jinsi ya kuweka tanbihi. Mwezi uliofuata alikuwa amezisahihisha kata zote za tarafa yake, kila moja na chanzo chake. Ningemtumia onyo la kawaida lenye alama nyekundu, kata hizo zingekuwa bado na takwimu za 2012.

Ujumbe mzuri una mambo matatu: shukrani ya kweli kwa kitu mahususi alichofanya, maelezo ya ulichobadilisha, na swali analoweza kulijibu. Weka sahihi kwa alama nne za ~. Subiri. Watu hawaingii kila siku.

Mambo yakishindikana

Mtu akirudisha badiliko lake bila kujibu, mwandikie mara ya pili, safari hii kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala ili wengine waone. Usitengue zaidi ya mara tatu kwa siku hata kama una haki. Ukifika hapo umeshaingia kwenye vita, na mkabidhi atakayekuja atawakuta wawili mnaogombana. Waite wengine kupitia ukurasa wa jumuiya.

Ukihitaji mtumiaji azuiwe, mpe mkabidhi viungo vya mabadiliko matatu manne, si maelezo marefu. Na kizuizi cha kwanza kiwe kifupi. Wanafunzi wakichezea makala ya shule yao kwenye maabara ya kompyuta, saa chache zinatosha, kipindi kinaisha wanaondoka. Kuzuia mtandao huo kwa mwaka ni kuwafungia mlango walimu na wanafunzi wa kesho. Makala inayoshambuliwa na wengi kwa pamoja ilindwe badala ya kuzuia watu mmoja mmoja, na ulinzi uwe na tarehe ya kuisha.

Kuna mambo mawili ambayo hayasubiri mjadala. La kwanza ni siri za watu: anwani ya nyumbani, namba ya simu, taarifa za mtoto, taarifa za ugonjwa wa mtu. Iondoe, andika muhtasari usiosema chochote kama vile "marekebisho", na umwandikie mkabidhi kwa barua pepe ya ndani ya tovuti afiche matoleo. Usiombe hadharani, kwa sababu ombi lako litakuwa kibao cha kuelekeza watu mahali ilipo siri. Mkabidhi asipopatikana, wapo wasimamizi wa kimataifa wa Wikimedia wanaoweza kuficha. La pili ni tishio la mtu kujidhuru au kumdhuru mwingine. Hata ukidhani ni mzaha, tuma kiungo kwa emergency@wikimedia.org na umwachie mwenye kazi hiyo aamue.

Kufuta

Ukiweka kigezo cha kuomba ufutaji, toa sababu kwenye ukurasa wa maombi na mwarifu aliyeanzisha makala. Ufutaji wa haraka ni kwa kurasa tupu, matusi, matangazo ya wazi na nakala. Mengine yote yapewe siku za kujadiliwa, hata kama wewe una uhakika. Na kama una vitufe vya ukabidhi, jitahidi usiwe wewe uliyeomba na wewe unayefuta.

Sisemi hivyo kwa kuwashuku wakabidhi wetu. Mwaka 2021 Wikimedia Foundation, taasisi inayoendesha tovuti za Wikipedia, ilitoa ripoti kuhusu Wikipedia ya Kikroatia, ambako kundi dogo la wakabidhi liliishikilia kwa takriban muongo mmoja, likapotosha historia ya vita na kuwazuia waliopinga. Kwenye jumuiya ndogo watu watano wanatosha kufanya hivyo. Kinga yake ni kawaida za kuchosha: sababu zinaandikwa, mtu wa pili anaangalia, aliyekataliwa anajibiwa.

Kuna wakati utaona kurasa mpya arobaini kwa siku moja kutoka kwa akaunti zilizoanzishwa asubuhi hiyo. Hiyo ni warsha au shindano, pengine chuoni. Usianze kufuta. Mtafute mratibu, kwa kawaida ndiye anayeweka kiungo cha mradi kwenye muhtasari, na umwombe asimamishe kidogo. Mwonyeshe makosa matatu yanayojirudia. Akiyarekebisha darasani, umeokoa kurasa arobaini kwa mazungumzo ya dakika kumi. Waratibu wa mashindano yanayolipa kwa idadi ya makala nawaomba jambo moja: hesabuni tanbihi zinazofunguka, si makala.

Kujikagua

Mara moja kwa mwezi fungua michango yako mwenyewe. Pitia yale uliyotengua na uone mangapi yamerudishwa na wengine. Soma sababu zao bila kujitetea. Kisha fungua kurasa za majadiliano za wageni uliowaandikia na uone nani alijibu, nani alinyamaza, nani alihariri tena baada ya ujumbe wako. Mimi nimegundua hivyo kwamba ujumbe ninaoutuma usiku, nikiwa nimechoka, hujibiwa mara chache kuliko wa asubuhi. Siku hizi usiku nasoma tu na kuweka alama kwenye daftari. Kuandika nasubiri kukuche.